Hupimwa Gari Likinguruma

Ezron Kibona alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Kila asubuhi, kabla hajaikunja kona ya nyumba yake pale Tunduma, alisimama, akakohoa mara moja, akangoja. Kutoka upande wa jikoni kikohozi kingine, chembamba, kilimjibu. Maana yake ilikuwa: nimesikia, baba, nimeshajitenga, pita. Ndipo alipopita. Kikohozi hicho chembamba kilikuwa cha Tulinagwe, mke wa mwanawe, na kwa muda mrefu ndicho kilichokuwa mazungumzo yao yote.

Asicheke mtu. Kwa Wandali waliotoka milima ya Ibaba, baba na mkamwana wake hawatazamani, hawaketi chumba kimoja, hawaambiani hata habari za mvua. Mwanamke akimwona baba mkwe njiani huingia kwenye majani, akageuza uso mpaka apite. Ni heshima, na si heshima ya mchezo. Wamisheni walihubiri wee mpaka wakachoka; watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kukwepana kama kawaida.

Zamani mambo yalikwenda vizuri tu, kwa sababu Ketrina alikuwepo. Ketrina, mke wa Ezron, ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Tulinagwe alimwambia yeye, yeye akamwambia mzee. Mzee akanung'unika, yeye akayachuja manung'uniko na kumpelekea binti yale yanayofaa tu. Ketrina akafa kwa kichomi, akazikwa, na mdomo ukafungwa. Wakabaki watu wawili katika ua mmoja, kila mmoja akisikia mwenzake akifagia, akipasua kuni, akijigeuza kitandani, na hakuna aliyeweza kuuliza mwenzake umeamkaje. Mtu anayeishi peke yake kabisa ana nafuu. Angalau hasikii pumzi za mtu asiyeruhusiwa kumsemesha.

Na Luka je, mwenye mke? Luka alikuwa migodini, huko Kitwe, ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Msiba wa mama yake ulimkuta huko, akatuma pole kwa mdomo wa Watson, dereva wa lori. Pole ilifika salama. Mwenyewe hakufika.

Kitu pekee cha Luka kilichokuwepo, ukimwacha mkewe, kilikuwa gari.

Alikuja nalo mwaka mmoja kabla ya kifo cha mama yake, katika mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, na Tunduma nzima ilitoka kulitazama. Lilikuwa gari la Kimarekani, refu, la rangi ya maziwa yaliyoingia vumbi, lililokwisha kuchokwa na Mzungu mmoja wa mgodini. Ajabu yake ni kwamba halikuwa na klachi. Unavuta kijimkono kilicho chini ya usukani, unakanyaga mafuta, na gari lenyewe linabadilisha gia likiona inafaa. Wazee walichungulia chini ya usukani kutafuta klachi ilipofichwa. Luka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Otomatiki, baba," alisema. "Utabebea abiria wa Nanyala na Mbozi. Mimi nikirudi tunafungua duka."

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia, maana liliingia kwa mlango wa adabu. Ua wa Ezron una mteremko, na breki ya mkono ya gari lile ilikuwa imekatika waya. Siku Luka alipotaka kumwonyesha baba yake namna ya kupima oili ya giaboksi, ilibidi mtu akae ndani akanyage breki ya mguu. Luka akamwita mkewe. "Tulinagwe, njoo ukae hapa, ukanyage, usiachie." Tulinagwe akaja, akajifunika khanga kichwani, akaketi kwenye usukani. Na Ezron, alipoona mkamwana amekaa hatua chache kutoka mahali alipotakiwa asimame, akafanya kama mtu yeyote mwenye malezi: akageuka, akaenda kusimama nyuma ya jiko. Somo zima likamfikia kama kelele tu, injini ikinguruma na Luka akisema ehe, ehe, hapo hapo.

Baadaye Luka alimfuata. "Baba, ile oili ya giaboksi inavyopimwa..."

"Unanifundisha mimi kupima oili?" Ezron akamkata kauli. Alikuwa ameendesha malori ya Mhindi mmoja wa Mbeya tangu Luka hajazaliwa, akiivuka milima hiyo kwa masika na kiangazi. "Hata kuku wa hapa wanajua oili inavyopimwa."

Luka akafunga mdomo. Aliacha debe la oili nyembamba, nyekundu, akalisukumiza chini ya kitanda cha baba yake, akaondoka na lori la kesho yake. Alimwambia mkewe atakuja kumchukua akishapata nyumba.

Oili ya injini, kila dereva anajua, hupimwa injini imezimwa. Unazima, unangoja itulie, unachomoa kijiti cha kupimia, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, unatazama imefika alama gani. Ezron alipima ya injini hivyo, na ya giaboksi akaipima hivyo hivyo. Kila alipopima, kijiti kilitoka kimelowa hadi juu ya alama. Imejaa. Debe la Luka likakaa chini ya kitanda, buibui wakalifanya lao.

Hakujua kwamba giaboksi ya namna ile ni kigeugeu. Ikizimwa, oili iliyokuwa juu ikifanya kazi hushuka yote na kutuama chini, na kijiti kikiingia kinaikuta imejaa tele. Ukitaka ukweli wake uipime gari likinguruma, limepata moto, na gia zote zimepitiwa.

Gari likaanza kumchezea kiangazi kile cha baada ya msiba. Akitoka Nanyala na abiria na magunia ya maharage, kwenye mpando alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, na gari likabaki palepale kama halijasikia. Abiria wakashuka, wakasukuma. Mara ya pili wakasukuma wakitukana. Mara ya tatu wakangoja lori. Ezron alirudi nyumbani polepole mno, gari likinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko magunia yale. Gari likifa, angebaki na nini? Shamba alikwisha kulikodisha, mke yuko kaburini, mtoto yuko kwa watu. Gari ndilo lililomtoa nje ya ua ule kila siku akasikia watu wakisema.

Asubuhi ilipofika akainua boneti, akachomoa kijiti. Imejaa. Akakifuta, akarudia. Imejaa.

"Imejaa, sasa unataka nini?" alilifokea gari. "Unataka nikunyweshe togwa?"

Nyuma ya ua wa matete mchi ulikuwa ukitwanga. Ukanyamaza. Kisha sauti ikatoka, sauti ya mwanamke, nzito kidogo kuliko alivyodhani.

"Wewe kinu, una masikio? Siku ile mwenyewe alipolipima, gari hili lilikuwa linanguruma. Mimi ndiye niliyekanyaga breki. Alisema likizimwa linadanganya."

Ezron alisimama na kijiti mkononi, oili ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Tangu siku ya mazishi hakuna mtu aliyesema neno la maana ndani ya ua ule. Hakusemeshwa yeye, ni kweli. Kilisemeshwa kinu, na kusema na kinu si kosa kwa mtu yeyote. Alitaka kujibu, akaona hana kinu cha kujibia. Mwishowe akaiinamia injini.

"Wewe injini," alisema. "Waambie wanaojua waje wakanyage breki. Mimi nitakwenda barabarani kwanza."

Akaenda barabarani. Akangoja mpaka akasikia kikohozi. Akakohoa naye, akarudi kwa upande wa mbele ya gari, macho yake chini kwenye vumbi. Na hapo ndipo alipotambua kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Boneti la gari lile lilikuwa pana kama mlango wa ghala. Likiinuliwa, aliyeko kwenye usukani hamwoni aliyeko kwenye injini, wala huyu hamwoni yule. Watu wawili wangeweza kuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi, na heshima isipungue hata chembe.

"Injini, mwambie awashe," alisema.

Gari likawaka.

"Avute mkono wa gia mpaka mwisho. Aupitishe kila alama. Aurudishe fri, gia isiyovuta. Mguu usitoke kwenye breki."

"Usukani, mwambie mguu haujatoka," sauti ikajibu.

Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa. Kilikuwa kikavu. Tone moja tu, jeusi, kwenye ncha, linanuka kuungua. Mzee mzima akaona aibu mpaka masikio yakamwasha, akashukuru Mungu kwa lile boneti. Akaenda kulitoa debe chini ya kitanda, akapangusa utando wa buibui, akamimina kidogo kidogo kwa mrija wa bati, akipima na kumimina, akipima na kumimina, mpaka oili ikapanda, nyekundu, safi, ikagusa alama.

"Imejaa," alisema.

Mguu ukaachia breki kidogo, gari likacheza, Tulinagwe akafunga gia, akazima. Kikohozi. Ezron akageukia barabarani mpaka akasikia mlango wa jiko. Siku hiyo alipanda mpando wa Nanyala na magunia yote, na hakuna aliyeshuka.

Sasa, gari lisilovuja halihitaji kupimwa kila siku. Hata kila mwezi ni kulidekeza. Lakini kesho yake Ezron aliamka akasema moyoni kwamba si vibaya kuhakikisha, akakohoa mara mbili badala ya mara moja, na Tulinagwe akaelewa. Kesho kutwa hivyo hivyo. Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Jogoo, maji ya moto, boneti.

Mwanzoni walisema habari za gia tu. Kisha usukani ukaambiwa kwamba kuku mwekundu amehama kiota. Injini ikaambiwa kwamba kule Nanyala mahindi ya watu yameshambuliwa na funza. Usukani ukaambiwa kwamba Bibi Yunisi wa jirani ameota meno, au anasema ameota, na amewafungulia kinywa nusu ya wanawake wa kanisani waone. Ezron alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake mbele ya injini, na upande wa pili wa boneti akasikia kicheko kingine kikibanwa kwenye khanga. Siku moja aliieleza injini jinsi Ketrina alivyokuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa kukosea maneno makusudi. Hakuwa amemwambia mtu habari hiyo tangu azikwe. Injini ilinguruma, na sauti ikasema taratibu, "Usukani, mwambie hata mimi ninamkumbuka mama." Ezron akakipangusa kijiti kwa muda mrefu sana. Kilikuwa kimeshakuwa safi.

Alikuwa mzee mwenye furaha yake ndogo, basi. Ndipo Watson akaja.

Watson alikuwa Mnamwanga wa hapohapo mpakani, nusu ya ukoo wake huku, nusu kule, na kinywa chake kilichanganya kila lugha inayovuka kizuizi. Alisimamisha lori karibu na maduka, akashuka, akavua kofia. Ezron alipomwona anavua kofia alijua.

"Mulishani, tata," Watson alimwamkia.

"Salama. Amekufa?"

"Hapana, mukwai, mzee wangu, hajafa. Yuko mzima, amenenepa." Watson aliizungusha kofia mikononi. "Ameoa, mzee. Mwanamke wa huko huko. Wana mtoto anatambaa. Amesema harudi. Amesema gari ni lako, na yule binti... amesema mtajua wenyewe."

"Mtajua wenyewe?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi ni mchukuzi tu."

Ezron alirudi nyumbani akakaa ndani ya gari lililozimwa mpaka chakula kikapoa. Chakula kiliwekwa kila siku juu ya jiwe la kunolea visu, kimefunikwa kwa ungo. Ezron alikichukua Tulinagwe akishaondoka. Siku hiyo alikula tonge mbili, akafunika.

Alijua sheria inavyosema. Mume akimtupa mke, baba wa mume ndiye anayepaswa kusema. Mke mwenyewe hawezi kujiondokea, ataitwa mtoro na kwao wataona aibu kumpokea. Neno litoke kwa mkwe, na mkwe amrudishe kwa wazazi wake kwa mkono wake, aseme mbele yao kwamba binti hana kosa. Baada ya hapo yuko huru, anaweza kuolewa. Tulinagwe alikuwa bado msichana. Neno moja tu. Na neno hilo likishatoka, boneti lingeinuliwa kwa ajili ya nani?

Sitamtetea. Alinyamaza kwa sababu ya woga, woga wa ua mtupu. Kesho yake usukani uliuliza, kama kwa bahati tu, "Injini, yule aliyekununua yuko hai?"

"Yuko hai," Ezron akajibu.

"Atakuja?"

Injini ilinguruma. Oili ilikuwa imejaa hadi kwenye alama, nyekundu kama jana.

"Imepungua kidogo," alisema. "Ngoja niongeze." Akagongagonga debe kwa kijiti, akijifanya anamimina.

Akaendelea hivyo mvua zikaanza, zikanyesha, zikakaribia kukatika. Alipima, akasema habari za kuku, akala tonge mbili, akafunika. Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi ilikuwa na boneti, na aliishi kwa ajili ya hiyo.

Kilichomshinda ni kitu kidogo. Mchana mmoja alikuwa anarudi na abiria, akapunguza mwendo karibu na kizuizi cha mpakani, na mbele yake, kando ya barabara, amesimama mwanamke mwenye mtungi wa maji kichwani. Amempa kisogo. Malori kutoka ng'ambo yalikuwa yakipita moja moja, na kila lori lilipopita mwanamke yule aliinuka kwenye vidole vya miguu, mtungi kichwani, akatazama waliokaa juu ya mizigo. Akashuka visigino. Likaja jingine, akainuka tena. Maji yalimwagika begani hakujipangusa.

Ezron alimjua kwa khanga. Ilimpasa ageuze uso, akageuza, lakini alikuwa ameshaona. Abiria mmoja akauliza mbona wanasimama. Ezron akasema gari limechoka. Alikuwa anajiona mwizi. Hakika alikuwa mwizi, maana kila siku ya msichana yule alikuwa anaila yeye.

Asubuhi iliyofuata alikohoa mara mbili. Akasikia mlango wa gari, akainua boneti, gari likawaka, gia zikapitishwa. Hakuchomoa kijiti. Aliegemea injini kwa mikono yote miwili, na moto wake ukamchoma viganja.

"Injini," alisema, "mwambie binti wa watu kwamba yule aliyekununua ameoa huko aliko. Ana mtoto. Harudi. Mwambie nimeyajua haya tangu kabla ya mvua, na nimeyaficha, kwa sababu ninaogopa kubaki peke yangu. Sina sababu nyingine. Mwambie hana kosa lolote."

"Usukani," sauti ikaja mwishowe, nayo ilikuwa imelowa, "mwambie baba kwamba kisimani wameshanicheka siku nyingi. Lakini wale si wazazi wa mume wangu. Nilikuwa nangoja mzazi aseme. Niliposikia lori la Watson limesimama, jioni ile sahani ikarudi na chakula, nikajua baba amesikia kitu. Kila siku nikifunua ungo, nasema leo atasema. Hasemi. Nikawa naenda kizuizini, labda watu ni waongo."

Ezron alikuwa amefikiri anaficha, kumbe kila siku alikuwa anamwandalia mwenzake jibu kwenye sahani.

"Mwambie anirudishe kwetu," sauti ikamalizia.

"Nitamrudisha," alisema, na akasahau kuiambia injini.

Walipanga kuondoka ardhi ikishakauka, maana njia ya Mpemba kwenda Itumba ilikuwa ya udongo, ya kupanda na kushuka, na Ibaba iko juu zaidi. Bibi Yunisi alikubali kuwasindikiza ili watu wasipate la kutafuna. Ezron alitundika shuka nyuma ya kiti cha mbele, kutoka mlango hadi mlango. Asubuhi ya safari, kabla mizigo haijapakiwa, ilibidi gari lipimwe, na safari hii kwa haki kabisa, kwa sababu ya milima.

Alichomoa kijiti. Akakifuta. Akakirudisha, akakichomoa.

Debe lilikuwa tupu kabisa sasa, matone ya mwisho yaliishia kwenye bawaba za milango, na kila mtu ndani ya ua alijua. Oili ya namna ile ilipatikana ng'ambo tu, na Watson alikuwa ameshuka Kitwe, asingerudi upesi. Kama ingekuwa imepungua, safari ingesubiri. Ingesubiri hata mwezi. Na nani angebisha? Upande wa pili wa boneti kulikuwa na mguu kwenye breki na mtu asiyeona kitu, anangoja neno lake tu. Neno moja, imepungua, na kesho angeamka, angekohoa mara mbili. Ezron alikitazama kijiti kile kama mtu anayeomba kisome vingine. Oili ilikuwa imegusa alama, nyekundu, haina neno.

"Usukani unauliza," sauti ikasema. "Vipi?"

Akakirudisha kijiti mahali pake.

"Imejaa," alisema.

Safari haikuwa na kisa. Bibi Yunisi alisema mfululizo mpaka Mpemba, kisha akalala kinywa wazi, meno yake yote mawili hadharani. Nyuma ya shuka aliketi Tulinagwe na mizigo yake. Gari lilipanda milima yote bila kuteleza, gia zikibadilika zenyewe taratibu, na kila mlima uliopandwa ulimwuma Ezron, kwa sababu gari halikuwahi kwenda vizuri namna ile. Alijikuta akitamani litelezeteleze kidogo.

Huko Ibaba, Abrahamu, baba yake Tulinagwe, alitoka na wazee wawili wa nyumba. Ezron alisimama mbele yao akavua kofia. Alisema mwanawe ndiye aliyevunja, binti hana kosa, ameishi katika ua wake kwa heshima isiyopungua siku hata moja. Tabita, mama mtu, alilia. Wazee walitikisa vichwa, wakapokea. Ilikuwa imekwisha kwa muda mfupi kuliko kupima oili.

Alipokuwa anageuza gari aone njia ya kushukia, akamwona kwa pembe ya jicho mwanamke aliyejifunika khanga anakuja upande wa mbele, uso kando. Ezron akainamisha kichwa. Mkono ukagusa boneti lililofungwa.

"Wewe gari," sauti ikasema, "mfikishe salama. Na umwambie chakula ni cha kumaliza."

Akakohoa. Ezron akakohoa. Bibi Yunisi akaamka akauliza kama wamefika.

Kesho yake, pale Tunduma, Ezron alichemsha maji mwenyewe, akayaunguza, kama inawezekana kuunguza maji. Kisha akatoka. Kabla hajaikunja kona ya nyumba alisimama, akakohoa mara mbili, akangoja. Alingoja mpaka kuku mwekundu akaja kumtazama. Akapita.

Gari lilikuwa limetoka milimani, lilistahili kupimwa. Akachukua mawe mawili makubwa ya jikoni, akayasukumiza chini ya magurudumu. Yalikaa vizuri, gari halikusogea hata kidogo. Mawe hayo yalikuwepo siku zote, Tulinagwe alipikia juu yake kila siku, na katika wale wawili hakuna hata mmoja aliyewahi kuyataja.

Aliwasha. Akapitisha gia zote, akarudisha fri, akashuka, akainua boneti. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa, akakiinua kwenye jua.

"Imejaa," alisema kwa sauti.

Injini iliendelea kunguruma, na Ezron akabaki amesimama na kijiti mkononi, akingoja mguu utoke kwenye breki.